Ukiteleza Dukani

Umeteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki, kibao cha onyo hakuna, kifundo cha mguu kimevimba. Meneja anakuletea soda na pole. Ipokee pole, lakini piga picha ya yale maji na uchukue namba ya shahidi. Baada ya saa moja sakafu itakuwa kavu. Wengi huona haya kudai, na haya hiyo huwafaa wenye maduka tu. Nchini Kenya, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya majeraha yasiyozidi shilingi 1,000,000, wakili si lazima, na uamuzi unapaswa kutoka ndani ya siku 60. Tunza risiti za hospitali. Ila kama kibao kilikuwepo nawe hukukijali, fidia yaweza kupunguzwa.