HOTUBA YA KIONGOZI WA KUJITOLEA WA SKAUTI, MBAGALA

Uskauti ulianza Zanzibar mwaka 1912, na Tanganyika mwaka 1917. Katika uskauti, kijana hupanda daraja kwa kuonyesha kazi, si kwa wingi wa siku alizohudhuria.

Mabomu yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Siku kama hiyo hakuna anayehesabu beji. Anayetakiwa ni kijana ajuaye kufunga jeraha na kumfikisha mtoto mahali salama. Hivyo, kiongozi anayegawa beji ili kurefusha orodha ya wanachama huwapunja vijana na wananchi pia.

Wazazi wanaombwa kuwaandikisha watoto wao, na kufuatilia wanachofundishwa.