Maji Yakivunja Tuta, Nani Alipe?

Mazungumzo ya mratibu wa miradi wa dayosisi mbele ya kamati za usharika, Urambo



Nimeombwa niseme juu ya malambo, na najua wengi mngependa nianze na siku ya kuja fedha. Nitaanza na kesi.

Mwaka 1860 huko Lancashire, Uingereza, mwenye kiwanda aitwaye Rylands aliwapa mafundi kazi ya kumjengea bwawa. Chini yake palikuwa na mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, na mafundi hawakuyaziba sawasawa. Bwawa lilipojaa, maji yalipenya yakafurika mgodi wa jirani, Fletcher. Rylands mwenyewe hakuwa mzembe, wala hakujua habari za mashimo. Hata hivyo, mwaka 1868 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliamua alipe. Ukikusanya katika ardhi yako, kwa matumizi yasiyo ya kawaida, kitu ambacho kikitoka kitadhuru, hasara ni yako.

Tusiseme hayo ni ya Wazungu. Sheria yetu ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo 22 Julai 1920, kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Na Torati ilitangulia: Kutoka 22:6 inamtaka aliyewasha moto alipe mazao ya jirani yaliyoungua. Sisi tunaosafisha mashamba ya tumbaku kwa moto, huku mizinga ya wenzetu imetundikwa porini, fungu hilo tulisome polepole.

Kinga zipo, kama janga la asili lisilotazamiwa, au mtu baki aliyeharibu. Mwaka 1874, katika kesi ya Madras, India, mwenye malambo alipona kwa sababu yalikuwa ya kale, na desturi ilimlazimu kuyatunza kwa faida ya wananchi. Hoja hiyo yaweza kutusaidia kidogo. Lakini lambo letu litakuwa jipya, na hakuna anayetulazimisha kulichimba.

Tena fidia haifufui mtu. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la shamba lilipasuka Solai, Nakuru, nchini Kenya. Walikufa zaidi ya watu 40, waliokuwa majumbani mwao chini ya bwawa.

Ndugu wafadhili, bajeti ikipunguzwa, kipengele kinachoondolewa kwanza ni njia ya kumwagia maji ya ziada, kwa kuwa hukaa kavu karibu mwaka mzima. Naomba msikiguse. Afadhali tupunguze ukubwa wa lambo.

Na ninyi kamati, kabla ya kikao kijacho tembeeni kwa miguu kuanzia mahali pa tuta kushuka bondeni. Andikeni kila kaya, shamba na kisima kilicho katika njia ya maji, wawe washarika au wasiwe. Orodha hiyo ije pamoja na mchoro wa fundi. Bila hiyo sitasaini maombi.