Tuongee Mambo ya Karatasi Nyumbani



Leo nataka tuongee jambo ambalo nyumbani huongewa usiku, mlango ukishafungwa: karatasi. Nani ana kitambulisho, nani hana, na ukisimamishwa na askari useme nini. Wengi tumelelewa na jibu moja: "Nyamaza, usituletee shida."

Wazee wana sababu zao. Angalia Kibera. Babu zao Wanubi walitoka Sudan, wakawa askari wa Mwingereza katika King's African Rifles, wakapewa makao pale mwanzoni mwa karne iliyopita. Miaka mia baadaye, mjukuu akifika miaka 18 bado alipelekwa mbele ya kamati, aulizwe karatasi za babu, na wenzake wa darasa moja wanapewa kitambulisho bila maswali hayo. Na wewe unajua bila kitambulisho maisha yanakwama: laini ya simu, akaunti ya benki, kazi, kura.

Lakini kuna waliosema. Kesi ya watoto wa Kinubi ilifika kwa kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto, na Machi 2011 ikaamuliwa kwamba Kenya imekiuka haki yao ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Januari 2020, Nubian Rights Forum na wenzao waliposhtaki, Mahakama Kuu ikasema Huduma Namba isiendelee mpaka kuwe na sheria kamili za kuisimamia. Hao ni watu wa mtaa, si mabwanyenye.

Sasa njoo Kawangware. Ploti moja inaweza kuwa na mama Mkenya aliyezaa na baba Mganda, jirani aliyekimbia vita Kongo, na mwingine aliyekuja kutafuta riziki na pasi yake ikaisha muda. Wote wanajiita "sisi wageni", wote wananyamaza. Hapo ndipo tunapotea, kwa sababu hali zao hazifanani.

Yule mtoto wa mama Mkenya si mgeni. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mzazi mmoja akiwa raia, awe mama au baba, mtoto ni raia kwa kuzaliwa. Anaishi na woga ambao si wake! Aliyekimbia vita ana Sheria ya Wakimbizi ya 2021: ajiandikishe, na hawezi kurudishwa kwenye hatari. Na ambaye hana karatasi yoyote? Kifungu cha 49 hakisemi "raia", kinasema mtu aliyekamatwa. Aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata.

Kwa hivyo wiki hii, baada ya Maghrib, kaa na mama au baba. Usianze kwa kulaumu. Uliza pole pole: mimi nilizaliwa wapi? Kadi yangu ya kliniki iko wapi? Cheti cha kuzaliwa tulichukua? Kitambulisho cha mama kiko salama? Piga picha kila karatasi, weka nakala kwa mtu mnayemwamini.

Ukienda ofisini ukakataliwa, usirudi nyumbani na "wamekataa" peke yake. Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. Andika tarehe na jina la ofisi, kisha tafuta msaidizi wa kisheria mtaani au nenda Kituo cha Sheria, ambao wamesaidia wasiojiweza tangu 1973.

Na dalali anayekuahidi cheti cha haraka, muepuke. Ukidanganya kuhusu pahali ulipozaliwa ni kosa la jinai, na unaweza kuharibu hata haki uliyokuwa nayo. Pia, siri ya karatasi za familia usiiweke mtandaoni, hata kama una uchungu.

Wazazi wetu walinyamaza ili sisi tulale salama. Tuwashukuru kwa hilo. Lakini ndugu yako mdogo atafika miaka 18 hivi karibuni, na siku hiyo ataulizwa maswali. Afadhali ayasikie kwanza nyumbani, kutoka kwako.