Viti vya Bodi na Faida ya Kampuni: Tunapima Nini?



Tafiti nyingi za fani yetu ya uongozi wa kampuni zimefuata njia moja. Mtafiti huchukua ripoti za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi au la Dar es Salaam, akahesabu wakurugenzi wa bodi, wa nje wangapi, wanawake wangapi, vikao vingapi. Huongeza ukubwa wa kampuni, umri wake na uzito wa madeni yake, kisha hutazama kama hayo yanakwenda pamoja na faida ikigawanywa kwa thamani ya mali. Majibu hugongana: huyu huona bodi ndogo ina tija, yule huona kubwa. Kwa maoni yangu kasoro iko kwenye hicho kinachohesabiwa.

Chukueni mfano wa maduka ya Uchumi ya Kenya, yaliyoanzishwa mwaka 1975. Kampuni ilikuwa na bodi, kamati na wakaguzi wa hesabu, kama sheria za soko zinavyotaka. Hata hivyo mwaka 2006 ilifunga milango na kuwekwa chini ya mrasimu. Serikali iliinusuru, hisa zake zikarudi sokoni mwaka 2011, na miaka minne baadaye ikayumba tena: bodi ikawafukuza mkurugenzi mtendaji na mkuu wa fedha, na matawi ya Tanzania na Uganda yakafungwa. Nakumatt, supamaketi iliyokuwa mali ya familia na haikuwahi kuorodheshwa, nayo iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama Januari 2018. Moja ilibanwa na kanuni za soko, nyingine haikubanwa, na zote mbili zikaishia pabaya.

Kilichozifananisha ni aina ya biashara. Supamaketi humuuzia mteja kwa fedha taslimu leo, na humlipa msambazaji wa unga au sabuni baada ya wiki kadhaa. Fedha ya msambazaji ikikaa mkononi huonekana kama mtaji, na ni rahisi kufungulia tawi jipya nayo. Mauzo yanapanda, vitabu vinapendeza, na deni linanenepa chini kwa chini. Dalili ya kwanza huonekana rafuni: bidhaa inayotoka haraka haipo, kwa kuwa msambazaji amechoka kudai. Mkurugenzi wa nje anayeletewa kabrasha la kikao usiku wa kuamkia kikao hawezi kuliona hilo, awe na shahada ngapi. Angeliona kama angedai ukurasa mmoja tu, unaoonyesha msambazaji analipwa baada ya siku ngapi, mwezi hadi mwezi.

Benki zina hatari nyingine: udanganyifu wa ndani. Oktoba 13, 2015, siku ambayo hatifungani ya Imperial Bank yenye thamani ya shilingi bilioni 2 ilitarajiwa kuanza kuuzwa sokoni, Benki Kuu ya Kenya iliiweka benki hiyo chini ya Shirika la Bima ya Amana. Mkurugenzi mtendaji wake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na ni bodi yenyewe iliyopeleka taarifa ya udanganyifu kwa Benki Kuu. Jiulizeni: mtafiti aliyehesabu viti vya bodi hiyo mwaka 2014 angeandika nini?

Lipo pia suala la kipi kilitangulia. Kampuni yenye faida huwavutia wakurugenzi wenye majina na ina uwezo wa kuwalipa, inayozama hukimbiwa. Tukikuta bodi nzuri na faida nzuri pamoja, hatujajua nani kamzaa mwenzake.

Sipuuzi kanuni. Zile za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya za mwaka 2015 zinataka angalau theluthi moja ya bodi iwe ya wakurugenzi huru, na kampuni isiyotekeleza ijieleze. Lakini maelezo hayo husomwa na wachache, na wanahisa wengi mkutanoni huuliza gawio tu.

Kwa hiyo mnaoandika tasnifu mwaka huu, nawasihi: msizichanganye benki, viwanda vya sukari na maduka katika jedwali moja mkitafuta jibu moja. Chagueni sekta moja, ulizeni bodi zake hupewa taarifa gani na lini, na siku za kuwalipa wasambazaji ziwe miongoni mwa vigezo vyenu.