Tuhifadhi Sanaa ya Video, Tuionyeshe kwa Wananchi

Hotuba iliyotolewa kwa wakaazi katika maktaba ya kaunti, Oktoba 27, Siku ya Kimataifa ya Urithi wa Sauti na Picha



Nimeombwa nizungumze kuhusu sanaa ya video: jinsi ya kuihifadhi na jinsi ya kuionyesha kwa umma. Huenda wengine mnajiuliza jambo hili linaihusu nini serikali ya kaunti, ilhali kuna barabara na maji. Jibu limo katika Katiba yetu ya 2010. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linazipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni na burudani ya umma, na linataja waziwazi sinema, maonyesho ya video, maktaba na makavazi. Tumekabidhiwa kazi hii kama tulivyokabidhiwa zahanati na masoko.

Kwanza tuelewane. Ninaposema sanaa ya video, sizungumzii filamu ya kukatiwa tiketi wala taarifa ya habari. Ni kazi ambayo msanii ametumia picha zinazosonga na sauti jinsi mchoraji anavyotumia rangi. Chukueni mfano wa Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka wa 2015, katika maonyesho ya sanaa ya Venice nchini Italia, alionyesha kazi iitwayo The End of Carrying All. Mwanamke anatembea na kapu kichwani, na kadiri anavyokwenda ndivyo mzigo unavyoongezeka. Kazi hiyo iliundwa kwa skrini 3. Ukiibana ndani ya simu, kisa utakielewa, lakini upana wa nchi anayoivuka na uzito wa safari ile hutauhisi.

Hapo ndipo penye ugumu. Mchoro ukitunzwa vizuri, watu huja wakautazama. Kazi ya video haionekani mpaka mashine iwake. Kwa hivyo anayeihifadhi ana vitu vitatu vya kutunza: picha zenyewe, mashine ya kuzionyesha, na maagizo ya msanii kuhusu namna zinavyopaswa kuonekana.

Mashine zinatuponyoka. Julai 2016, kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza mashine za kanda za VHS, iliacha kuzitengeneza. Mwaka wa 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kwamba kufikia takriban 2025 ingekuwa vigumu mno kuhamisha yaliyomo katika kanda za sumaku. Kanda yaweza kuwa nzima kabisa na bado ikakosa pa kuchezea.

Tuone wenzetu wa Korea Kusini walifanyaje. Mwaka wa 1988, msanii Nam June Paik alijenga mnara wa televisheni 1,003 ndani ya makavazi ya taifa ya sanaa ya kisasa huko Gwacheon. Idadi hiyo inakumbusha Oktoba 3, siku wanayoadhimisha kuasisiwa kwa taifa lao. Paik alifariki mwaka wa 2006. Televisheni zilikuwa zile nene za zamani, zikazidi kuchakaa, na mwaka wa 2018 mnara ukazimwa kwa sababu za usalama.

Likazuka swali: je, ziondolewe zote na kuwekwa skrini bapa za kisasa, au mnara ubaki kama ulivyo hata kama hauwaki? Mwenye kazi hakuwepo tena kuulizwa. Baada ya mashauriano marefu, waliamua televisheni 737 zibaki za aina ileile, zikarabatiwe kwa vipuri na mashine za mitumba. Zile 266 ndogo ambazo hazikuweza kuokolewa ziliwekewa skrini bapa. Mwaka wa 2022 mnara ukawashwa tena, kwa saa chache tu ili usichoke. Hawakupata kila kitu, lakini wananchi wao wanauona.

Sasa turudi kwetu. Wengi wetu tuna kanda za miaka ya tisini juu ya kabati: ngoma, michezo ya kuigiza, majaribio ya vijana waliokuwa na kamera ya kuazima. Joto, unyevu na vumbi vinazila. Zisimamisheni kama vitabu, mahali pakavu pasipo jua. Kanda yenye ukungu msiitie kwenye mashine, kwa sababu ukungu huo utahamia kanda nyingine. Na msizitupe kabla hazijanakiliwa.

Vijana, nanyi msidhani faili ya kompyuta haifi. Flashi huharibika, simu huibwa. Wekeni nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na moja ikae mbali na nyumbani. Kazi mnayotuma kwa WhatsApp hubanwa ikapoteza ubora, kwa hivyo hiyo isiwe ndiyo nakala yenu ya pekee.

Pamoja na kila kazi, andikeni karatasi moja. Skrini ni ngapi? Chumba kiwe na giza? Sauti iwe ya juu kiasi gani? Mashine ikikosekana miaka 30 ijayo, mnaruhusu itumike nyingine? Karatasi hiyo haina gharama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wanaoonyesha nao wana wajibu. Picha ya zamani iliyo karibu na mraba isivutwe ijaze skrini pana, watu wakaonekana wanene na wafupi. Andikeni jina la msanii, mwaka na muda wa kazi. Wekeni viti, na mtu wa kujibu maswali ya wazee na watoto wa shule. Ombeni idhini ya mwenye kazi kabla ya kunakili au kuonyesha, kwa kuwa sheria ya hakimiliki inamlinda, na mlipeni anachostahili. Kazi inayoonyeshwa hadharani ipitie kwanza kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu.

Najua pesa ni chache. Ndiyo maana nawaomba msisubiri kuamuliwa. Waraka wa Mkakati wa Fedha wa kaunti sharti uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na kabla ya hapo mna haki ya kutoa maoni. Mtakapoitwa kwenye vikao vya wadi, wengi wataomba projekta na ukumbi. Ombeni hivyo, lakini ombeni pia mashine ya kunakili kanda, mtu aliyefunzwa kuitumia, na chumba kikavu cha kuhifadhi. Projekta bila hazina ni ukumbi usio na cha kuonyesha. Nayo hazina iliyofungiwa kufuli bila maonyesho, mlipa ushuru hana faida nayo.

Wasanii waliorekodi kanda zile za kwanza wangali nasi, ingawa umri umesonga. Wiki hii, mtembeleeni mmoja wao mkamuulize kazi yake alitaka ionekane vipi. Jibu lake liandikeni.