Kimo Kwanza, Alaimenti Baadaye

Msikilizaji wa Tarime na Serengeti, hasa wewe mwenye Range Rover, au gari jingine lolote la springi za upepo. Umetoka Tarime hadi Mugumu. Changarawe imelitikisa gari. Sasa usukani unavuta upande, na matairi yanalika ukingoni. Unataka kupima alaimenti. Subiri kidogo.

Gari la namna hii hupanda na kushuka. Kimo kikibadilika, mlalo wa matairi nao hubadilika. Fundi akilipima likiwa limeinuliwa kwa ajili ya njia mbovu, vipimo havitafaa likirudi chini. Utakuwa umelipa, na matairi yanaendelea kulika. Kwa hiyo: kimo kwanza, alaimenti baadaye.

Asubuhi, kabla hujaliwasha, litazame. Limelala upande mmoja? Huenda upepo unavuja. Tengeneza hapo kwanza. Ukipuuza, kompresa inayojaza springi upepo itafanya kazi bila kupumzika mpaka iungue, na kompresa ni ghali kuliko alaimenti nyingi.

Ukifika gereji, matairi yajazwe upepo sawasawa. Gari lirudishwe kwenye kimo chake cha kawaida. Kisha mwulize fundi: unajua kuuzuia mfumo wa upepo usijirekebishe wakati unapima? Kama hajui, mshukuru, uende kwa anayejua, hata kama ni Mwanza.

Narudia: kimo kwanza, alaimenti baadaye.

Na tafadhali sana, mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na upepo peke yake. Linaweza kushuka ghafla. Liwekwe kwanza kwenye stendi imara.