Boga la Asubuhi ya Baridi
Wasikilizaji wetu mlioko Marekani, kila Oktoba maboga hujaa sokoni. Yaacheni yale makubwa ya kuchonga sura. Yana maji mengi na utamu haba. Chagueni dogo, zito mkononi. Lipikeni, mliponde, mlichuje.

Sasa tulitumie kwa mkate wa boga wa kuoka. Usiku, koroga mayai manne, vikombe viwili vya maziwa, kikombe cha boga, sukari, iliki. Mwagia vipande sita vya mkate uliolala kwenye trei, funika, weka kwenye friji.

Asubuhi oka kwa nyuzijoto 180 za Selsiasi, kama dakika 45. Tikisa trei: kingo zimekauka, lakini katikati bado panachezacheza? Rudisha. Yai bichi huweza kubeba salmonela. Hapo kati pafike nyuzijoto 71.

Na siagi ya kupaka juu msiibanie, jamani. Mafuta husaidia mwili kupata vitamini A ya boga.